Hapa ni kwa nani? Picha za mandhari katika kuta zetu

Juma hili nilikusudia kuzungumzia mapazia, lakini barua moja kutoka Awendo, Kaunti ya Migori, imenilazimu kuyaahirisha. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu, naye ameomba nisimtaje jina. Mumewe hufanya kazi Nairobi. Alipokuja nyumbani Desemba alileta picha kubwa ya kitambaa, ya zile zinazochapwa kwa mashine kisha zikawambwa juu ya fremu ya mbao. Ndani yake kuna mto, miti mikubwa, nyumba ya kale upande wa kushoto, mbwa ukingoni, na gari la farasi lililosimama katikati ya maji. Mume akaitundika juu ya kochi refu, akarudi nyuma hatua tatu, akaridhika.

Jioni mama yake akaja kuwajulia hali. Alisalimia, akaketi, akaitazama picha ile kitambo kirefu, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, hapa ni kwa nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mume akasema ni picha tu, mama, ni urembo. Ndipo yule mzee akauliza swali la pili: picha ya baba yenu iliyokuwa hapo imekwenda wapi? Akaambiwa imehamishiwa chumbani. Wale wanaojua desturi za Waluo wataelewa mara moja uzito wa jibu hilo, kwani mama haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa. Picha ya marehemu mumewe imewekwa mahali ambapo hawezi kuifikia. Tangu siku hiyo, anaandika msomaji wetu, mama mkwe akija hunywa chai nje chini ya mwembe, na akikaribishwa ndani husema kuna joto.

Swali la msomaji ni hili: je, aiondoe picha ya mto na kumuudhi mume aliyetoa pesa zake, au aiache na kumngoja mama mkwe azoee?

Nitamjibu, lakini kwanza tuzitazame picha zenyewe, kwa maana zimeenea mno. Zamani sebule za Nyanza Kusini zilikuwa na kalenda ya duka au ya kampuni, picha za jamaa zilizobanwa pamoja ndani ya kioo kimoja, na vitambaa vyeupe vya kufumwa kwa mkono juu ya kila kiti. Vitambaa vingali vipo, na heri viendelee kuwapo. Lakini ukutani siku hizi utakuta milima yenye theluji, maziwa yenye mashua za tanga, na mashamba ya ngano yasiyo na mwisho. Nyingi ni nakala za michoro mashuhuri iliyochorwa Ulaya miaka mia moja au mia mbili iliyopita. Wachapaji ni wale wale wanaochapa mabango ya kampeni na ya matanga. Mashine inayotoa uso wa marehemu kwenye bango la mazishi Jumatano ndiyo itakayotoa mto wa Uingereza Alhamisi.

Na hapo ndipo penye hila ya kwanza. Bango la plastiki si kanvasi. Kanvasi halisi ni kitambaa kizito cha pamba, au cha nyuzi za viwandani, au mchanganyiko wa hizo mbili. Ukikigeuza nyuma utaona nyuzi zimefumana. Plastiki nyuma yake ni laini na hung'aa, na picha iliyochapwa juu yake humeta taa ikiwashwa hata usione kitu. Wako wauzaji wanaowamba plastiki juu ya fremu na kuiuza kwa bei ya kitambaa. Igeuze picha kabla ya kufungua pochi.

Sasa turudi kwenye swali la mama mkwe, ambalo kwa maoni yangu ni swali zuri kupita yote niliyoletewa mwaka huu. Hapa ni kwa nani? Nilipousoma uchambuzi wa msomaji wetu kuhusu mbwa, nyumba na gari la farasi majini, niliijua picha ile. Ilichorwa mwaka 1821 na Mwingereza John Constable, nayo huitwa The Hay Wain, yaani gari la kubebea nyasi kavu. Picha asilia iko London katika jumba la National Gallery, na ina upana wa karibu sentimita 185 na urefu wa sentimita 130. Mto ni Stour, na mahali penyewe panaitwa Flatford, katika jimbo la Suffolk. Constable alizaliwa kijiji cha jirani mwaka 1776, na kinu cha kusagia nafaka cha Flatford kilikuwa cha babake. Nyumba ile ya kushoto ilikuwa makao ya mkulima aliyeitwa Willy Lott.

Kwa hiyo, mama, hapo ni kwa Willy Lott. Huku Karachuonyo, Kanyada au Kanyamkago, ambako mahali huitwa kwa jina la mzee wa pale, tungesema tu "Ka Lott" na kila mtu angeelewa. Mchoraji hakwenda mbali kutafuta uzuri. Alichora ng'ambo ya kinu cha babake, mahali alipocheza akiwa mtoto, na watu wa London walipooneshwa kwanza mwaka ule wa 1821, picha haikupata mnunuzi. Miaka mitatu baadaye ilipelekwa Paris, na huko ikapewa nishani ya dhahabu. Nyumba ya Lott ingali imesimama hadi leo, ikitunzwa na National Trust, chama cha Waingereza cha kuhifadhi turathi, na watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kuitazama. Nyumba ya mkulima wa kawaida! Isingalichorwa, sidhani kama ingalitunzwa hivyo.

Sisemi haya ili kuwasifu Waingereza. Nasema kwa sababu wengi wetu hununua picha hizi tukidhani ni nchi ya ndotoni, isiyo na wenyewe, kumbe kila moja ni kwa mtu fulani. Ukilijua jina la mahali, utaweza kumjibu mgeni wako, na watoto nao watapata hadithi. Andika kwa kalamu nyuma ya fremu: nani alichora, wapi, mwaka gani.

Homa Bay nako kuna picha mbili ambazo ningezifikiria mara mbili kabla ya kuzitundika, moja kwa mzaha na nyingine kwa dhati.

Ya mzaha ni mayungiyungi ya Mfaransa Claude Monet, aliyefariki mwaka 1926. Alichimba bwawa nyumbani kwake Giverny, akapanda mayungiyungi kutoka ng'ambo, na akayachora mara zipatazo 250. Majirani walimpinga mwanzoni, wakihofu kwamba mimea ya kigeni ingeharibu maji yao. Watu wa Ghuba ya Winam watawaelewa majirani hao. Tangu miaka ya 1990 gugu maji, mmea uliotoka Amerika Kusini, limekuwa likifunga bandari na kuwazuia wavuvi kutoka, na maua yake ya zambarau ni mazuri ajabu. Kumwambia mvuvi wa Homa Bay atundike picha ya majani yanayoelea juu ya maji ni kumchokoza. Nasikia hata hivyo kwamba picha hizi zinapendwa, na kwa kweli rangi zake za samawati na kijani hupoza chumba chenye joto la mabati.

Ya dhati ni lile wimbi kubwa la Mjapani Hokusai, la mwaka 1831 hivi. Wengi wameliona: wimbi limeinuka kama makucha, chini yake mashua tatu, na mbali kabisa mlima Fuji umekuwa mdogo kama kichuguu. Mashua zile zilikuwa za kukimbiza samaki wabichi sokoni, kazi ambayo watu wa Mbita na Sori wanaifanya kila alfajiri. Hii ndiyo picha ya kigeni iliyo karibu zaidi na maisha ya ziwa letu, na zaidi ya hayo haikuwa kamwe kitu cha matajiri. Tangu mwanzo ilichapwa kwa vibao vya mbao, nakala maelfu, ikauzwa kwa bei ya mtu wa kawaida. Ukinunua nakala huwi mbali na nia ya mwenyewe. Lakini katika nyumba iliyompoteza mtu ziwani, tafadhali usiitundike kabla ya kumuuliza mjane na watoto. Mgeni huona rangi. Mwenye msiba huona wale watu walioinama ndani ya mashua.

Yuko atakayeniuliza kama kunakili si wizi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda mchoro katika uhai wote wa mchoraji na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Constable, Hokusai na Monet wote wamepita muda huo. Majumba makubwa kama Rijksmuseum la Amsterdam na Metropolitan la New York hata yameweka picha zao nyingi kwenye mtandao, kubwa na safi, bila malipo. Lakini usidhani kila picha ni huru. Sam Ntiro wa Tanzania, aliyezaliwa Kilimanjaro na kuchora migomba na mashamba ya kwao hata jumba la Museum of Modern Art la New York likainunua picha yake, alifariki mwaka 1993. Kwa hesabu hiyo kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2043. Ukitaka nakala, omba ruhusa kwa warithi. Na mchoraji aliye hai pale mjini kwenu ndiye wa kwanza kulipwa. Elimo Njau, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa kuwakataza wasanii kunakili. Naafikiana naye, ila alikuwa akisema na wenye brashi, si na wenye sebule.

Sasa, mpenzi msomaji, niruhusu niulize mimi. Kama Constable alichora kinu cha babake, je, kwetu kumechorwa na nani?

Si kwamba hatuna cha kuchora. Thimlich Ohinga iko kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori: kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikiwa na urefu wa mita 4, ambazo zimesimama kwa karne kadhaa na zikaingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2018. Jua la saa kumi na moja jioni likigonga mawe yale, hakuna theluji ya Ulaya itakayoshindana nayo. Homa Bay kuna kilima cha Asego kilichosimama juu ya mji kama mlinzi. Kuna bonde la Lambwe, ambamo twiga wa Ruma hupita kwenye nyasi ndefu. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo wenyeji husimulia kwamba lilikuwa kijiji kilichozama usiku mmoja kwa sababu watu walimfukuza bibi kizee kutoka karamuni. (Msomaji wangu wa Awendo, hadithi hiyo usiipite haraka.) Na kisiwani Mfangano kuna mapango yenye duara nyekundu na nyeupe zilizochorwa mwambani na watu wa kale sana, duara ambazo wenyeji walizihusisha na mvua. Kwa hiyo kupamba ukuta si jambo lililoletwa kwa meli. Nyanya zetu walipokandika nyumba kwa udongo wa rangi na kuuchora kwa vidole, walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo, na mvua ikiifuta walianza upya.

Liko jambo jingine linalonikera kidogo. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifura hadi kuipita rekodi ya mwaka 1964. Kando ya ghuba, maji yaliingia majumbani, mashambani na hata makaburini. Kuna watu ambao leo wakikuonyesha kwao, wanakuonyesha maji. Ukiwauliza picha ya boma lilivyokuwa, wanakupa picha ya harusi ambayo nyuma yake, ukikaza macho, unaona pembe ya paa na nusu ya mti. Mahali palipokuwa na mkuyu, njia ya kisimani na mawe ya kuanikia omena, hakuna aliyewahi kuona haja ya kupapiga picha, kwa sababu palikuwa ni nyumbani tu.

Basi, kama una simu nzuri, kazi ya kwanza ni kutoka nje. Piga picha asubuhi mapema au jioni, wakati vivuli ni virefu. Jua la saa sita huifanya nchi yote kuwa bapa. Usitie zile rangi za kurembesha. Jiegemeze mtini simu isitikisike, na usivute karibu kwa vidole bali tembea kwa miguu yako uisogelee. Ukimtumia mchapaji kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itapunguzwa na kuharibika. Itume kama faili, au umpelekee ndani ya flashi. Hesabu yake ni hii: picha ya sentimita 60 kwa 90 ni inchi 24 kwa 36 hivi, na kila inchi inahitaji angalau nukta 100, bora 150. Simu ya megapikseli 12 inatosha. Lakini ile picha ndogo uliyoiokota mtandaoni yenye nukta 600 kwa 900 itakupa nukta 25 kwa inchi, na mto wa Constable utageuka kuwa uji. Hii ndiyo sababu nakala nyingi zinazouzwa barabarani huonekana kana kwamba zina ukungu.

Muulize mchapaji wino wake ni wa aina gani. Upo wino unaopauka mapema juani na upo unaodumu miaka mingi, na mchapaji mwaminifu atakuambia tofauti ya bei. Omba kipande cha majaribio, kilowanishe pembeni kwa kidole ukisugue. Rangi ikitoka, shukuru uende zako. Fremu mpe seremala wako. Usione vyaelea, vimeundwa. Mbao ziwe za saipresi iliyokauka vizuri, kwani mkaratusi mbichi utapinda na picha ikunjamane kama shuka. Zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kitambaa kuwambwa, si baadaye. Kando ya ziwa unyevu hulegeza kitambaa, hivyo mwambie aache nafasi za vikabari vidogo katika pembe nne za nyuma, ambavyo ukivigonga kidogo kitambaa hukaza tena.

Kutundika nako kuna utaratibu. Katikati ya picha pawe kama mita moja na nusu kutoka sakafuni. Juu ya kochi acha sentimita 15 hadi 20, na upana wa picha uwe kama theluthi mbili ya kochi. Epuka ukuta unaopigwa na jua la jioni, na ule ulio karibu na jiko au taa ya mafuta, kwa maana masizi hayatoki kitambaani. Nyumba ya udongo, tafuta nguzo ndani ya ukuta upigilie msumari hapo. Ukipigilia kwenye udongo mtupu, wimbi la Hokusai litamwangukia mgeni. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu. Maji na sabuni acha kwa ajili ya meza.

Sasa nimjibu mama wa Awendo. Usiitupe picha ya mumeo, kwani alinunua kitu kizuri kuliko alivyojua. Lakini ule ukuta ulio juu ya kochi refu, unaoonekana mtu akiingia tu mlangoni, una mwenyewe. Mrudishe mzee mahali pake. Picha ya mto iende ukuta wa pili, ule wa upande wa meza ya kulia, na kama ni kubwa mno kwa ukuta huo, iende chumba cha watoto ambako itawafaa zaidi. Kazi ya kuzihamisha aifanye mume kwa mikono yake, mchana, mama yake akiwapo, wala isiwe wewe, ili isije ikasemwa kwamba wewe ndiye uliyekuwa umemtoa. Kisha muombe mama mkwe akuoneshe boma lilikuwaje alipoolewa: zizi lilikuwa wapi, mti upi ulipandwa na nani. Piga picha anapokuonesha kidole. Ukichapisha moja, hata ya sentimita 40 kwa 60, itatosha nafasi kati ya dirisha na mlango.

Na akiuliza tena lile gari la farasi ni la nani, mwambie lilikuwa likipita kwa Lott.

Mapazia yatakuwa Jumapili ijayo, na wale wa Rongo mlioniuliza kuhusu madirisha ya vyuma, pimeni upana wake mapema.